Agoni: gesi mvivu iliyotaja umri wa Zinjanthropus

Juzi nilipeleka rejeta ya gari ikachomelewe. Fundi akafungua koki ya mtungi, gesi ikalia sss, kisha moto ukawaka bila kurusha cheche. Nikamwuliza kwa nini asitumie mashine ya kawaida.

"Hii alumini, mzee. Bila agoni inaungua, haishiki."

Kweli kabisa. Agoni hufunika pale panapoyeyuka, oksijeni isipaguse. Mimi ni mjiolojia. Agoni hiyohiyo naisaka ndani ya mawe.

Katika kila lita 100 za hewa, karibu lita moja ni agoni. Hata hivyo haikugunduliwa hadi 1894, Rayleigh na Ramsay wa Uingereza waliposhangaa kwamba naitrojeni iliyotolewa hewani ni nzito kidogo kuliko ile ya maabara. Wakaipa jina la Kigiriki lenye maana ya mvivu, kwa kuwa haiungani na chochote.

Imetoka wapi? Karibu yote imezaliwa ndani ya mawe, kutokana na potasiamu-40, aina ya potasiamu inayojigeuza yenyewe polepole, ambayo nusu yake huisha kila miaka bilioni 1.25. Sehemu kama moja ya kumi hugeuka agoni-40, iliyobaki huwa kalisi. Jiwe likiyeyuka volkenoni, agoni hutoroka. Likiganda, inaanza kujikusanya upya ndani ya chembe za fuwele, na hapo ndipo tunapoanzia kuhesabu.

Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, pale Olduvai mwaka 1959. Miaka miwili baadaye, Evernden na Curtis wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, pamoja na Louis Leakey, wakatangaza umri wake: miaka milioni 1.75, mbali sana na makisio ya awali. Wageni huniuliza mfupa ulipimwaje. Haukupimwa! Lililopimwa ni jivu la volkeno la tabaka lilelile.

Adui yetu maabara ni hewa, maana nayo imejaa agoni. Tunaikamata kwa agoni-36, aina nyepesi zaidi ya agoni, ambayo potasiamu haiizai: hewani kuna moja kwa kila 300 hivi za agoni-40, kwa hiyo tunajua kiasi cha kutoa.

Agoni ya fundi haichimbwi. Hewa hupozwa mpaka iwe kimiminika, kisha hutenganishwa. Agoni huchemka kwenye nyuzi -186, oksijeni -183. Zimekaribiana mno, na kuzitenga ni kazi. Mtungi si bei rahisi, lakini yule fundi, moto ulipozimika, aliiacha gesi ivume sekunde chache zaidi juu ya mshono, mpaka ukapoa.