Saiklokrosi si baiskeli ya mlimani yenye usukani uliokunjwa

Kila ikionekana baiskeli ya matairi yenye meno na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, utasikia: "Hiyo ni ya mlimani, wamebadilisha usukani tu." Hapana. Na mwenye kuamini hivyo akiingia nayo kwenye njia za mawe na mizizi, ataumia.

Saiklokrosi ni mbio za kuzunguka njia fupi, ya kilomita 2.5 hadi 3.5, kwenye nyasi, matope na mchanga, kwa muda wa saa moja hivi. Baiskeli yake haina springi, na kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, zinataka tairi lisizidi milimita 33. Fasili yenyewe ni hiyo tu.

Tofauti inayosahaulika ni hii. Saiklokrosi ilikubali tangu mwanzo kwamba kuna mahali hapapandiki. Ubingwa wa Ufaransa ulifanyika mara ya kwanza mwaka 1902, na hadi leo mshindani akifika kwenye vizuizi au ngazi hushuka, huitupia baiskeli begani, hukimbia, kisha hurukia tandiko tena bila kusimama. Ndiyo maana waya za breki na gia za baiskeli hizi zimezoeleka kupitishwa juu ya bomba la juu la fremu, au ndani yake: chini ya bomba zingekukata bega. Baiskeli ya mlimani ina ukoo mwingine kabisa. Ilikulia California miaka ya 1970, kwa vijana waliokuwa wakiteremka kasi kwenye vilima vya Marin, na hoja yao ilikuwa kubaki juu ya baiskeli hadi chini.

Ukiteremka na baiskeli ya saiklokrosi kwenye mawe utaijua tofauti hiyo mikononi. Tairi la mlimani lina upana wa milimita 55 au zaidi, kwa hiyo hujazwa upepo kidogo na likalikumbatia jiwe. La saiklokrosi ukilipunguzia upepo kiasi hicho, rimu itaubana mpira wa ndani juu ya jiwe na kuutoboa matundu mawili sambamba. Ukiujaza, unarushwa. Basi viwiko na magoti yako ndiyo springi. Shika usukani sehemu ya chini, maana vidole viwili vikiwa hapo hukamata breki kwa nguvu kuliko ukishika juu, na sogeza makalio nyuma ya tandiko kabla mteremko haujaanza.

Haya hayamaanishi kwamba saiklokrosi haifai njia za porini. Kwenye kijia cha udongo laini na kupanda kusiko na mawe huenda kwa wepesi mtamu sana.

Kwa hiyo, ndugu, ukimkuta mtu porini kaibeba baiskeli ya saiklokrosi begani kwenye mawe, usimhurumie kwamba kaja na baiskeli isiyofaa au kashindwa kupanda. Anaiendesha inavyotakiwa.