Kabla Hujafungua Injini, Chomoa Fyuzi ya Amplifaya

Wiki hii wamekuja watatu na maneno yaleyale: "Fundi, injini inavuma, naisikia kabisa nikiwa ndani." Mmoja alikwisha kubadilishiwa maunting zote za injini, yaani mipira inayoishikilia, na bering mbili za mbele kwenye gereji nyingine, na mvumo uko palepale. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam. Inaniuma kuona mtu analipia vipuri vipya ilhali vile vilivyong'olewa vilikuwa vizima, kisa ni sauti ambayo injini haikuitoa.

Dhana: mvumo ukisikika ndani ya gari, mwenye kosa ni injini

Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa hapa.

Spika za magari ya miaka hii hazipigi muziki tu. Katika baadhi ya magari zinaongeza sauti ya injini, katika mengine zinaifuta. Habari ya kuongeza wengi wameisikia, hasa tangu BMW walipotoa M5 ya kizazi kinachoitwa F10 mwaka 2011, yenye V8 ya lita 4.4 na turbo mbili, ambayo mlio wa injini unapitishwa pia kwenye spika za redio. Turbo inakaa katikati ya njia ya moshi na kuumeza mlio, na ndani kwenyewe kumezibwa vizuri. Aliyezoea V10 ya M5 iliyotangulia angeona gari limepooza. Ford nao wakafanya hivyo kwenye Mustang ya silinda nne ya 2015.

Habari ya kufuta ndiyo watu hawaijui. Toyota waliiweka kwenye Crown Hybrid iliyotoka 2008, na leo iko kwenye magari mengi. Ndani ya kitambaa cha paa kuna maikrofoni ndogo. Zinausikia mvumo wa injini, kompyuta nayo inapokea idadi ya mizunguko, kisha inatuma kwenye spika wimbi la sauti lililo kinyume cha mvumo ule: lile likipanda, hili linashuka. Yanauana, wewe unasikia utulivu. Vipimo vyote hivyo vimewekwa kiwandani kwa ajili ya spika zilezile na amplifaya ileile.

Sasa yule mteja. Nilimuuliza swali moja tu: umeongeza nini kwenye muziki? Alikuwa amefungiwa amplifaya na sabufa kwenye buti, sauti ikichukuliwa kutoka kwenye waya za spika za kiwandani. Mvumo ulianza wiki hiyohiyo, na hakuna fundi aliyemuuliza! Wimbi la kinyume likipita kwenye amplifaya yenye nguvu nyingine, likichelewa kidogo, au waya za spika zikigeuzwa chanya kwa hasi, halifuti tena bali linaongezea. Maikrofoni zinasikia mvumo umekua, kompyuta inatuma wimbi kubwa zaidi, na gari zima linavuma kama pipa tupu. Wapo pia wanaong'oa redio ya kiwandani kwa sababu inaongea Kijapani, na kwenye baadhi ya magari kazi ya kufuta mvumo inaondoka na redio hiyo. Hapo unaanza kusikia mvumo uliokuwepo siku zote ila ulikuwa umefunikwa.

Kwa nini unafanana sana na injini? Piga hesabu. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika inazunguka mara 25 kwa sekunde, na kila mzunguko inachoma mara mbili. Hizo ni hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na hapo ndipo sabufa ilipo nyumbani kwake. Ndiyo maana mvumo unafuata mguu wako kwenye mafuta, na ndiyo maana fundi wa injini anaapa kuwa ni injini.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Gari likiwa limesimama, pandisha mizunguko mpaka mvumo utokee na uikumbuke namba. Zima, chomoa fyuzi ya amplifaya, washa tena, rudi kwenye namba ileile. Mvumo ukipotea, injini haina kesi. Usipopotea, na redio ya kiwandani haijang'olewa, hapo sasa nenda kwenye maunting na ekzosi. Na ukitaka kuisikiliza injini yenyewe, shuka. Fungua boneti, chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye bloku na mpini sikioni, mbali na feni na mkanda. Nawaambia kila siku, hata wanaokuja kununua gari: ukikaa kwenye kiti na kuisifia injini kwa mlio, hujakagua chochote.

Nyingine, kwa haraka

"Nimezima redio, kwa hiyo ninachosikia ni halisi." Hapana. Kitufe cha redio hakina amri juu ya mlio huu. Kwenye M5 ile unaweza kushusha redio hadi sifuri na mlio ukaendelea.

"Ukiuondoa mlio wa spika, gari linapungua nguvu." Nguvu ya injini haipiti kwenye spika. Kilichopungua ni msisimko wa sikio lako. Shika saa upime muda wa kutoka 0 hadi 100. Ila usichomoe kwa pupa boksi la mlio, yaani kile kifaa kinachotuma mlio wa injini kwenye spika. Kwenye baadhi ya magari sauti ya muziki inapita humo humo, ukilichomoa unabaki na spika bubu. Lizimwe kwa kompyuta.

"Ni rekodi ya gari jingine." Mara nyingi siyo. Boksi linasoma mizunguko na mguu wa mafuta, linatunga mlio papo hapo. Renault Clio RS ya 2013 ndiyo ilimpa dereva milio ya kuchagua, ukiwemo wa Nissan GT-R.

"Mlio wowote mtamu siku hizi ni wa spika." Hii inawadhulumu walioumiza vichwa. Lexus LFA, yenye V10 ya lita 4.8, ina njia zinazoleta sauti ya hewa inayovutwa na injini hadi kwa dereva; Yamaha walishiriki kuutengeneza mlio ule, na hakuna spika humo. Toyota 86 nayo ina mrija wa aina hiyo. Golf GTI kizazi cha saba ina Soundaktor, kifaa kinachotikisa bodi chini ya kioo cha mbele.

Ya mwisho siiachi. Mtu analeta gari la umeme au haibridi, anasema kuna bering inalia mbele akitembea polepole, au anajua ni spika na anataka niikate. Mlio ule unatoka kwenye spika inayoangalia nje, ya kumwonya mtembea kwa miguu, maana gari likienda kwa umeme halisikiki. Japani iliilazimisha kwa modeli mpya mwaka 2018, Ulaya 2019, na kufikia Julai 2021 kila gari jipya la aina hiyo Ulaya lilitakiwa kuwa nayo. Sheria ya huko inataka ilie mpaka mwendo wa kilomita 20 kwa saa na wakati wa kurudi nyuma, kwa sababu matairi bado hayajaanza kuunguruma. Pale Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, hapa Dar, wanasoma watoto wasioona, na barabara wanaivuka kwa masikio. Ukinilipa mara mbili, waya huo siukati.