Je, wajua kwa nini bega lililopumzika vakansi nzima huuma siku za kwanza za mazoezi?

Kila Septemba, masomo yanapofunguliwa hapa Lubumbashi, viwanja vya shule kuanzia Katuba hadi Kampemba hujaa tena vijana wa handiboli. Na kabla mwezi haujaisha, lazima utamsikia binti wa miaka 14 akisema, "Kocha, bega linaniuma." Wazazi hushangaa. Julai na Agosti hakugusa mpira kabisa: alikuwa nyumbani akisaidia kazi, akaenda Likasi kumtembelea shangazi. Sasa bega limechoshwa na nini?

Ili kujibu, inabidi tuanze na namna mwili unavyorusha. Wengi hudhani mpira hurushwa na mkono. Ukweli ni kwamba nguvu huanzia miguuni, hupanda kiunoni na mgongoni, na mkono huipokea mwishoni. Waliolipima tendo hili kwa undani zaidi ni watu wa besiboli kule Marekani (mchezo wa kurusha mpira mdogo na kuupiga kwa gongo), kwa kuwa mrushaji wao hurudia kitu kilekile kwa nguvu zote mechi nzima. Walikuta kwamba bega la mrushaji mtu mzima huzunguka kwa kasi inayofikia nyuzi 7,000 kwa sekunde. Kama kasi hiyo ingedumu sekunde nzima, mkono ungezunguka karibu mara 20. Hakuna kiungo kingine cha binadamu kilichopimwa kikienda mbio kuliko hapo.

Lakini kurusha ni nusu tu ya kazi. Mpira ukishatoka kiganjani, mkono bado uko mbioni na lazima usimame mara moja. Nguvu inayouvuta mkono utoke kwenye tundu la bega wakati huo, kwa mrushaji mtu mzima, hulingana na uzito wa mtu mzima au kuuzidi. Wanaoizuia ni misuli midogo iliyo nyuma ya bega pamoja na ile inayoshika bapa la bega mgongoni. Watazameni wale wanaoleta makala mjini kwa baiskeli kutoka barabara ya Kasenga: wakikuta mteremko, kinachowaokoa ni breki, wala si nguvu ya kukanyaga. Misuli hiyo midogo ndiyo breki ya mkono.

Sasa fikirini vakansi. Binti yetu amebeba bidoni za maji, amefua, amefagia uwanja, na hizo ni kazi nzito. Lakini hakuna hata moja inayomlazimu kuusimamisha mkono unaokwenda kasi juu ya kichwa. Kwa hiyo miguu na kifua vinabaki na nguvu zake, breki zinalegea. Siku ya kwanza ya mazoezi anapanga foleni mbele ya goli, kila mmoja anataka kumwonyesha kocha kwamba hajasahau, na mashuti yanapigwa kwa nguvu zote hadi jua linazama. Kupumzika hakukumuumiza. Kilichomuumiza ni kutoka sifuri hadi mia kwa alasiri moja, na breki dhaifu.

Kuna jambo la pili, na mimi ndilo linalonitia hofu zaidi. Mfupa wa mtoto bado unarefuka. Karibu na ncha zake kuna tabaka la gegedu, yaani mfupa laini ambao haujakomaa, na humo ndimo mfupa mpya hutengenezwa. Katika mfupa wa mkono wa juu, gegedu lililo begani ndilo linaloleta karibu asilimia 80 ya urefu wote, na kwa kawaida halifungi, yaani haligeuki mfupa mgumu, kabla ya miaka 16. Kwa wengine hufika hadi 20. La upande wa ndani wa kiwiko hufunga mapema kidogo. Gegedu hilo ni laini kuliko mfupa, na kwa mtoto ni dhaifu hata kuliko kano zinazovuta juu yake. Mtu mzima akirusha kupita kiasi, kano ndiyo hupasuka. Mtoto akirusha kupita kiasi, linaloachana ni gegedu la ukuaji. Likishavimba begani, mara nyingi huhitaji kama miezi mitatu bila kurusha ili lipone.

Wamarekani walijifunza hayo kwa uchungu. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John huko Los Angeles, akamwekea kano mpya kwenye kiwiko kwa kutumia kano aliyoitoa mahali pengine mwilini mwake. John alirudi uwanjani mwaka 1976 na akacheza hadi 1989. Ilikuwa ajabu wakati ule, lakini miaka iliyofuata upasuaji huohuo ukaanza kufanyiwa vijana wa sekondari. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 uliwalinganisha vijana waliopasuliwa na wale waliobaki wazima. Waliorusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walikuwa na uwezekano wa kupasuliwa mara 5 zaidi. Waliozoea kurusha huku mkono umeshachoka: mara 36. Someni tena namba hiyo, ninyi makocha wenzangu.

Ndiyo maana besiboli ya watoto ina hesabu. Mwongozo wao unasema mtoto wa miaka 9 au 10 asizidi marusho 75 kwa siku ya mechi, wa 11 au 12 asizidi 85, na kila mwaka mkono upate angalau miezi minne bila kurusha. Handiboli haina sheria kama hiyo. Tena mpira wetu ni mzito: wa besiboli una gramu kama 145, wakati wa handiboli ya wasichana wakubwa una gramu 325 hadi 375, na wa wanaume hufika 475. Shule yenye mpira mmoja tu wa wanaume humpa kila mtoto huohuo, hata yule ambaye vidole vyake haviwezi kuushika. Hapo ningeomba wakuu wa shule wanunue kwanza mpira mdogo, kabla ya jezi.

Basi vakansi itumike vipi? Mkono usirushe, hilo ni sahihi, lakini breki zifanye kazi. Miguu na kiuno havina shida: kamba ya kuruka inatosha, na kukimbia. Kwa bega, nenda kwa fundi anayeziba pancha, umwombe mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha, uukate vipande virefu. Funga kipande kwenye mti au mlingoti wa goli, kimo cha kiwiko. Simama ubavu, mkono unaofanya kazi uwe upande wa mbali na mti, shika ncha ya kipande, kunja kiwiko, na ukibane kwenye mbavu pamoja na kitambaa kilichokunjwa. Vuta kipande hicho kwa kuugeuza mkono utoke nje, kisha urudishe polepole ukihesabu hadi tatu. Usiharakishe kurudi, maana ni katika kurudi ndipo breki inajifunza kushika. Kitambaa kikianguka, kiwiko kimeachana na mbavu. Kiokote, uanze upya. Mara kumi na tano, pumzika, urudie tena, siku tatu kwa juma.

Hii si kazi bure. Nchini Norway, timu za handiboli za ngazi ya juu zilizotia mazoezi ya namna hii katika kupasha mwili moto zilipata matatizo ya bega kwa asilimia 28 pungufu kuliko zile ambazo hazikufanya.

Majuma mawili ya mwisho ya Agosti, mpira urudi kidogokidogo: kwanza pasi za karibu kwa nusu ya nguvu, halafu umbali uongezeke hadi mstari wa mita 9, na mashuti ya nguvu zote yasubiri juma la tatu au la nne. Asubuhi za baridi ya kiangazi, mtoto akimbie mpaka atoke jasho kwanza.

Na mama au baba asimpe mtoto kidonge cha maumivu ili acheze. Kidonge kinanyamazisha maumivu, gegedu linaendelea kuachana. Bega au kiwiko kikiendelea kuuma siku kadhaa bila kurusha, au akishindwa kuanika nguo kwenye kamba, mpelekeni hospitali. Mkipigiwa picha, ombeni wapige pande zote mbili, la kulia na la kushoto, kwa sababu gegedu la ukuaji linaonekana kama ufa hata likiwa zima, na daktari anahitaji upande usiouma ili alinganishe.