Chanjo ya malaria: mbona ilichelewa hivi?

Surua ina chanjo tangu zamani. Malaria ilishindikana kwa nini?

Surua huletwa na kirusi chenye jeni sita tu. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kina zaidi ya 5,000, tena hakitulii na umbo moja. Mbu jike akiuma huingiza vimelea vyembamba ambavyo muda mfupi baadaye vimeshajificha kwenye ini. Huko huzaliana kwa takriban wiki nzima, na mtu hahisi lolote. Vinapotoka vimeshageuka: sasa vinavamia chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo homa na kutetemeka huanza. Kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na vijidudu, zikijifunza umbo la kwanza hazilitambui la pili. Mwizi aliingia na kanzu, anatoka na shati.

Chanjo inamkamata wapi basi?

Mlangoni. Chanjo za malaria RTS,S na R21 zote huufundisha mwili kuitambua protini iliyo juu ya kimelea kinachotoka kwa mbu, kizuiwe kabla hakijafika kwenye ini. Kazi ni ngumu, maana kimoja tu kikipenya, kitatoka huko kikiwa maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo kingamwili zinatakiwa ziwe nyingi mno, nazo hupungua kadiri miezi inavyopita. Dozi ya nne ni ya kuzipandisha tena.

Zilijaribiwa wapi?

RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza Oktoba 2021. R21 ya Chuo Kikuu cha Oxford ikafuata Oktoba 2023.

Mwanangu alichanjwa na bado akaugua. Nilidanganywa?

Hapana. Katika jaribio la RTS,S, watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. Aliyezoea chanjo ya surua ataicheka namba hiyo. Mimi siicheki: kwenye maeneo yenye mbu wengi, mtoto mmoja huweza kuugua mara kadhaa kwa mwaka. Na pale chanjo hiyo ilipoanza kutolewa kliniki mwaka 2019, yaani Malawi, Ghana na Kenya, vifo vya watoto wa rika la kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13.

Chandarua tukikunje?

Kibaki kitandani. Na mtoto akichemka mwili apelekwe kupimwa siku hiyohiyo, hata kama kadi yake ina dozi zote nne.