Kishikwambi Mezani, Swali Lilelile

Miezi kadhaa iliyopita niliketi kwenye dawati la nyuma katika darasa la jiografia, kutazama jinsi somo linavyoendeshwa baada ya shule kupokea vishikwambi. Mwalimu aliandika ubaoni: "Eleza sababu nne za mmomonyoko wa udongo." Wanafunzi, wawili wawili kwa kila kifaa, wakaanza kupekua. Dakika sita hazijaisha, madaftari yalikuwa yamejaa. Nikamwinamia mvulana aliyekuwa jirani yangu, ambaye sababu yake ya kwanza ilikuwa "upungufu wa uoto wa asili", nikamuuliza uoto ni nini. Hakutazama alichoandika. Alikitazama kishikwambi.

Mwalimu yule ni mchapakazi na somo lake lilikuwa limeandaliwa vizuri. Kasoro ilikuwa kwenye swali. Lilitungwa kwa ajili ya zama ambazo kitabu kimoja kilisomwa na watoto watano, na aliyetaka kujua jambo alimsubiri mwalimu. Zama hizo, kuzitafuta sababu nne ndani ya sura nzima, kuzielewa na kuziandika kwa maneno yako ilikuwa kazi ya kichwa. Leo kifaa kinaimaliza kabla mtoto hajalisoma swali hadi mwisho, naye anabaki na kazi ya kunakili.

Taasisi yetu hushughulika na mitaala na mafunzo ya walimu walio kazini. Swali tunaloulizwa zaidi na wazazi na wakuu wa shule ni hili: tununue vifaa gani? Naliheshimu, maana linatoka kwa watu wanaowatakia watoto mema. Ila kuna lingine linalopaswa kulitangulia: mwanafunzi atapewa kazi gani ambayo kifaa hakiwezi kumfanyia?

Tunajua kinachotokea kifaa kikitangulia. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa chuo cha teknolojia cha MIT, Marekani, alitangaza mradi wa kompyuta mpakato za bei nafuu, moja kwa kila mtoto. Peru iliupokea kwa mikono miwili na ikagawa mamia ya maelfu ya kompyuta hizo, nyingi zikienda shule za vijijini. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walitoa matokeo ya kulinganisha shule zilizopata kompyuta na zisizopata, wakakuta alama za hisabati na lugha hazitofautiani. Watoto walizitumia kompyuta, na kuzitumia walijua. Lakini shule nyingi hazikuwa na intaneti, na darasani ufundishaji uliendelea kama zamani.

Tuitazame na Delhi, India. Huko watafiti walifuatilia watoto waliohudhuria vituo vya masomo ya ziada baada ya saa za shule. Programu iliyotumika ilianza kwa kumpima kila mtoto, kisha ikampa mazoezi ya kiwango alichopo kweli, si cha darasa aliloandikishwa, huku msimamizi akiwepo kuwasaidia kwa vikundi. Wengi wa watoto hao walikuwa nyuma kwa madarasa kadhaa. Baada ya takriban miezi minne na nusu walikuwa wamewapita kwa wazi wenzao waliokosa nafasi, katika hisabati na katika Kihindi. Mwalimu mmoja mbele ya watoto hamsini, mmoja hajui kugawanya na mwingine yuko kwenye aljebra, hawezi kutunga masomo hamsini kwa kipindi kimoja. Hiyo ndiyo kazi waliyoipa programu, kazi ambayo binadamu peke yake alikuwa ameelemewa nayo. Kule Peru kifaa kiligawiwa tu, hakikukabidhiwa kazi yoyote.

Sasa kuna akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, yaani programu za kompyuta zinazojibu maswali na kuandika kama binadamu, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, karibu kila kikao cha walimu ninachohudhuria huishia kwenye mjadala huu, na mara nyingi kuna kambi mbili: ya kupiga marufuku na ya kuruhusu kila kitu. Utafiti mmoja uliofanyika Uturuki kwa karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari unazisaidia kambi zote mbili kufikiri upya. Wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya hisabati. Kundi la kwanza lilipewa programu ya mazungumzo ya kawaida, ile inayojibu chochote inachoulizwa. La pili lilipewa programu iliyoandaliwa kwa msaada wa walimu, inayotoa vidokezo na kukataa kutoa jibu. La tatu lilibaki na vitabu na madaftari yake.

Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilifanya vizuri kuliko la vitabu kwa asilimia 48, na la pili kwa asilimia 127. Mzazi angeona madaftari ya siku hiyo angefurahi. Kisha ukaja mtihani bila programu yoyote. Kundi la kwanza likashuka, likapata pungufu kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa programu. Kundi la vidokezo likawa karibu sawa na la vitabu.

Mimi nasoma hivi: zoezi lililofanyiwa na mwingine halikuachi na kitu. Hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini wasome. Baadhi waliirudia kuisoma, wengine walifunika karatasi wakajaribu kuikumbuka. Baada ya wiki moja, waliojaribu kukumbuka ndio waliobaki na mengi vichwani. Kule kuhangaika, kukwama, kujaribu tena, ndiko kunakojenga kumbukumbu. Programu inayomwondolea mtoto mahangaiko hayo inamwondolea na somo lenyewe. Zingatia pia kwamba hata programu nzuri ya vidokezo haikuwapandisha watoto wale juu ya wenzao wa vitabu mtihani ulipofika. Anayeuza programu ya aina hiyo akiahidi miujiza, aulizwe: watoto walipimwa wakiwa nayo mkononi, au baada ya kuizima?

Kuna kauli nyingine ninayoisikia, na hii naipinga waziwazi: eti siku hizi hakuna haja ya kujaza mambo kichwani kwa kuwa yote yamo mtandaoni. Niliwahi kuliandalia darasa moja maelezo mafupi kuhusu dunia, yaliyoandikwa kwa mtindo wa majibu ya programu, ndani yake nikapandikiza kosa kwa makusudi: kwamba mzingo wa dunia ni kilomita 4,000. Wakanakili. Binti mmoja akasita, akanyoosha kidole, akasema, "Mwalimu, nusu kipenyo ni zaidi ya kilomita 6,000. Mzingo unakuwaje mdogo kuliko nusu kipenyo?" Hakuwa ametafuta popote. Alikuwa na namba moja kichwani na uhusiano mmoja wa hisabati, na hivyo viwili vikamtosha kulikamata kosa ambalo wenzake zaidi ya arobaini walilipitisha. Asiye na kitu kichwani hawezi kushtuka.

Kushtuka peke yake hakutoshi, kwa sababu mtandaoni uongo huvaa nguo safi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwaweka mbele ya kompyuta wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa ukweli wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakawapa tovuti za kuzipima. Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walikaa kwenye ukurasa wakiusoma juu hadi chini, wakishawishika na jina zuri, nembo na mpangilio. Wakaguzi waliondoka upesi. Walifungua kurasa nyingine pembeni na kuuliza vyanzo vingine: hawa wenye tovuti ni nani, nani anawafadhili, wengine wanasema nini juu yao? Kisha ndipo wakarudi kusoma, kama ilistahili kusomwa. Stadi hii hufundishika ndani ya vipindi vichache, katika historia, sayansi au lugha, na haihitaji somo jipya kwenye ratiba. Ajabu ni kwamba shule nyingi bado humfundisha mtoto kinyume chake: soma kwa makini kila ulichopewa, kana kwamba aliyekupa ameshakuchujia.

Kuhusu vitabu vya karatasi niseme kifupi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 54 na washiriki zaidi ya 170,000, ulionesha kwamba matini za maarifa hueleweka vizuri zaidi zikisomwa kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa msomaji akiwa na muda mfupi. Uswidi, iliyokuwa imekwenda mbali kwenye kufundishia kwa skrini, mwaka 2023 ilianza kutenga fedha kurudisha vitabu vilivyochapwa darasani. Shule isitupe maktaba yake.

Walimu wataniambia, na wana haki, kwamba hawawezi kubadili maswali yao wakati mtihani wa mwisho haujabadilika. Mtihani ndio mtaala halisi. Ukiuliza "taja" na "orodhesha", mwalimu mwenye huruma na wanafunzi wake atawazoesha kutaja na kuorodhesha, kishikwambi kiwepo kisiwepo. Vyombo vinavyotunga mitihani vina deni kubwa hapa kuliko shule. Hata hivyo ndani ya darasa kuna nafasi ambayo haisubiri kibali cha mtu. Mwalimu mmoja ninayemfahamu, mwenye darasa la zaidi ya watoto sitini, huchagua majina matatu kwa bahati nasibu kila kipindi. Kila aliyechaguliwa hueleza kwa dakika mbili, daftari limefungwa, jinsi alivyofikia jibu lake la jana. Hakuna ajuaye kama leo ni zamu yake. Kwa muhula mzima kila mtoto husimama mara kadhaa, na mwalimu hujua upesi nani aliandika na nani aliandikiwa. Anasema wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, watoto wakisimama kimya, na alilazimika kujizuia asiwajibie.

Yule mwalimu wa jiografia nilirudi kwake. Tulikuwa tumekaa pamoja kulitengeneza upya swali lake, na safari hii hakuandika sababu nne. Aliwapeleka wanafunzi kwenye mteremko ulio nyuma ya madarasa. Kila kundi lilitakiwa kupiga picha sehemu mbili, moja ambapo maji yamekula udongo na nyingine ambapo udongo umeshikilia, kisha kueleza tofauti kwa kutumia kinachoonekana. Baada ya hapo ndipo walipoiuliza programu ya akili mnemba kuhusu mmomonyoko, wakatakiwa kutafuta jambo moja iliyolisema ambalo kwenye mteremko ule halipo, na jambo moja waliloliona ambalo programu haikulitaja. Mvulana wa uoto alikuwa amepiga magoti, anapima kwa rula kina cha mfereji mdogo uliochimbwa na maji yanayomwagika kutoka kwenye paa. Hilo ndilo lililokosekana kwenye jibu la programu: paa lisilo na mfereji wa bati. Na neno uoto alilitumia mara tatu bila kuulizwa.

Tahadhari mbili kwa shule zinazoanza safari hii. Ya kwanza ni kazi za nyumbani. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walibaki nyumbani. UNICEF na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano wakabainisha mwaka huohuo kwamba theluthi mbili ya watoto wa dunia wenye umri wa miaka 3 hadi 17 hawakuwa na intaneti nyumbani. Kazi inayodai mtandao ifanyikie shuleni. Kuipeleka nyumbani ni kumpa adhabu mtoto ambaye kosa lake ni umaskini.

Ya pili ni taarifa za watoto. Mwaka 2022 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilichunguza bidhaa za kidijitali zaidi ya 160 zilizopendekezwa kwa masomo na serikali katika nchi 49, likakuta karibu tisa katika kila kumi zinakusanya au kushughulikia taarifa za watoto kwa njia zinazohatarisha haki zao. Mwalimu asipakie majina, picha wala alama za wanafunzi kwenye programu ambayo shule haijasoma masharti yake, hata kama ni ya bure.

Mzazi akiitwa kwenye kikao cha kuchangia vifaa, aombe kwanza kuona kazi tatu zitakazofanywa navyo muhula ujao, zikiwa zimeandikwa kama wanafunzi watakavyozipokea. Azisome mwenyewe. Kama zote ni za kutaja na kuorodhesha, aombe mchango huo uanze na mafunzo ya walimu, na vishikwambi visubiri.