Je, wajua kwa nini SR-71 ilidondosha mafuta ikiwa imeegeshwa?

Chini ya SR-71 iliyojazwa mafuta na kuegeshwa bandani, mafundi waliweka trei za kukingia matone. Hakuna aliyeshtuka, kama vile mwenye nyumba asivyoshtuka kuweka beseni mahali anapojua paa linavuja. Tone hapa kwenye mshono wa bawa, tone pale chini ya tumbo, na sakafu inateleza. Na hii ndiyo ndege ambayo tarehe 28 Julai 1976 ilifikia kilomita 3,529 kwa saa, rekodi ambayo ndege za jeti zenye rubani hazijaivunja hadi leo.

Wapenzi wa ndege hii ya upelelezi ya Marekani wana jibu moja wanalolirudia kila wakikutana. Wanasema bati za mwili wake ziliachiwa nafasi makusudi, ili zikipata moto angani zitanuke na kuzibana. Kwa hiyo ikiwa chini ilimwaga mafuta mengi kiasi kwamba ikisharuka tu ilibidi ikimbilie ndege ya kuiongezea mengine. Ni hadithi tamu. Sehemu yake ya kwanza ina ukweli kidogo, ya pili haina.

Tuanze na moto wenyewe. SR-71 ilisafiri kwenye kimo cha kilomita 24 hivi, ambako hewa ya nje ina baridi ya nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri. Lakini ukienda kwa zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti, hewa iliyo mbele haipati muda wa kupisha. Inagandamizwa, na hewa ikigandamizwa hupata moto; aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua jinsi mdomo wa pampu unavyounguza. Kingo za mbele za mabawa zilipita nyuzi 300 za Sentigredi. Kioo cha mbele ya rubani kilipata moto kiasi kwamba hata upande wa ndani ulifaa kupashia chakula: marubani, waliovaa mavazi mazito ya shinikizo, walikula chakula laini kilichotiwa kwenye tyubu, na waliotaka cha moto walishikiza tyubu kwenye kioo.

Kwa joto hilo alumini, ambayo ndiyo mwili wa ndege nyingi, inalegea. Chuma cha pua kingevumilia, ila uzito wake ungeizuia ndege kupanda. Ndiyo maana Kelly Johnson na wahandisi wake wa Lockheed, katika karakana ya Skunk Works iliyokuwa Burbank, California, walichagua titani, na zaidi ya asilimia 90 ya mwili ikawa titani. Sehemu ya madini hayo ilitoka Umoja wa Kisovyeti, ikanunuliwa kupitia kampuni za kati ili muuzaji asijue yanakokwenda. Mtu aliuza malighafi ya ndege iliyojengwa kumchungulia yeye mwenyewe.

Titani ilikuwa na vituko vyake. Vichwa vya boliti vilikuwa vikidondoka vyenyewe baada ya kupashwa moto mara chache tu, hadi ilipogundulika kuwa spana zilizotumika kuzikaza zilipakwa kadimi, aina ya metali. Chembe ndogo ya kadimi iliyobaki kwenye boliti iliila titani, kwa hiyo spana zote za aina hiyo ziliondolewa kwenye masanduku ya mafundi. Kisha kikaja kitendawili cha kulehemu: paneli zilizolehemiwa wakati wa kiangazi ziliharibika mapema, za majira ya baridi zikadumu. Chanzo kilikuwa maji ya bomba ya Burbank, yaliyotiwa klorini nyingi zaidi wakati wa joto ili kuzuia mwani, na paneli zilioshwa kwa maji hayo hayo. Walipohamia maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, tatizo likaisha.

Sasa tuje kwenye kutanuka, maana hapa ndipo hadithi ya wapenzi inaposhika ukweli kwa ncha. Kila aliyelala chini ya paa la bati anajua sauti ile ya tak, tak, jua linapoanza kuwaka: bati linatanuka, mbao iliyolishika haijatanuka. Kwenye SR-71 bati la juu ya bawa lilipata moto haraka kuliko mihimili ya ndani. Bati bapa lilipojaribiwa lilikunjamana. Dawa ikawa ile ile ya mapaa yetu: bati la migongo. Sehemu kubwa ya bati za mabawa ilitengenezwa na migongo midogo inayoelekea mbele na nyuma, ili bati likitanuka migongo izidi kina kidogo badala ya kujikunja ovyo. Johnson alitaniwa kwamba anataka kuipeleka Ford Trimotor, ndege ya abiria ya miaka ya 1920 iliyokuwa na bati za migongo, kwa kasi ya Mach 3, yaani mara tatu ya kasi ya sauti. Ndege nzima, yenye urefu wa mita 32.7, ilirefuka kwa sentimita kadhaa ikiwa kwenye mwendo wake.

Mafuta yalikaa wapi? Karibu kila mahali. Tangi zilichukua takriban lita 46,000, yaani tani 36 hivi, ndani ya mabawa na mwili. Ndani hamkuwa na mfuko wa mpira. Hakuna mpira ambao ungestahimili joto lile, na mfuko ungeongeza uzito na kula nafasi. Bati la nje ndilo lililokuwa ukuta wa tangi. Kwa hiyo kila mshono na kila mstari wa ribiti ulikuwa mlango ambao mafuta yangeweza kutokea, na ulizibwa kwa gundi maalumu iliyopakwa kutoka ndani.

Gundi hiyo ndiyo iliyopitisha mafuta, si nafasi iliyoachwa makusudi. Ndege mpya, au iliyotoka kupakwa upya, ilikuwa kavu kiasi. Halafu ikaruka: ikaoka gundi kwa saa nzima, ikashuka kuongeza mafuta, gundi ikapoa ghafla, ikapanda tena kuoka. Baada ya mizunguko kadhaa gundi ilikauka, ikapoteza unyumbufu, ikaanza kuachana na titani. Ndege ilipopata moto bati zilibana na nyufa nyingi zikafunga; ilipopoa zikafunguka. Hiyo ndiyo chembe ya ukweli iliyozaa hadithi nzima.

Basi si wangepaka tu gundi mpya? Walipaka, lakini fikiria kazi yenyewe. Tangi linamwagwa na kupulizwa hadi mvuke uishe, fundi anaingia kwenye upenyo mwembamba, anakwangua gundi kuukuu bila kukwaruza titani, anapaka mpya, kisha gundi inaachwa ikomae. Wakati huo ndege haifanyi kazi, na baada ya safari kadhaa itaanza kuvuja tena. Uamuzi ukawa wa busara ya gereji: uvujaji upimwe, na usiozidi kiwango uachwe. Fundi alisimama chini ya mshono na saa, akahesabu matone kwa dakika. Kila eneo la ndege lilikuwa na kikomo chake. Mahali pasipo na hatari paliruhusiwa matone zaidi ya mahali palipo karibu na vitu vya moto.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwamba habari ya kumwaga mafuta yote imetiwa chumvi. Chukua mshono unaodondosha tone moja kila sekunde. Ukikadiria matone 20 kwa mililita, hizo ni mililita 180 kwa saa, chini ya chupa ndogo ya soda. Mishono ishirini ya namna hiyo inatoa lita 3.6 kwa saa, kutoka kwenye lita 46,000. Sakafu itachafuka kweli, lakini geji ya rubani haitaona tofauti.

Kwa nini basi ilikutana na ndege ya mafuta, KC-135Q, muda mfupi baada ya kuruka? Sababu ya kwanza ni uzito. SR-71 iliruka ikiwa na mafuta pungufu ili kuyaonea huruma matairi na breki, na ili injini moja ikizima kwenye njia ya kurukia, iliyobaki iweze kuibeba.

Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ndiyo nzuri zaidi. Tangi lisilojaa lina hewa juu ya mafuta. Mafuta ya moto, mvuke na oksijeni vikikutana ndani ya tangi lenye ukuta unaounguza, unaomba mlipuko. Kwa hiyo ndege ilibeba nitrojeni ya kimiminika, ambayo iligeuka gesi na kujaza nafasi kila mafuta yalipopungua. Bila nitrojeni kwenye tangi, ndege haikuruhusiwa kupita Mach 2.6. Na njia rahisi ya kuitoa hewa ni kulijaza tangi mpaka juu kabisa: mafuta yanaisukuma hewa nje, kisha yanapotumika, nitrojeni inachukua nafasi yake. Kujaza kule angani kulikuwa pia kusafisha tangi.

Swali lililobaki ni la usalama. Unawezaje kuacha mafuta ya ndege yadondoke sakafuni huku watu wanapita? Mafuta yenyewe, yaliyoitwa JP-7, ni ya ukoo mmoja na mafuta ya taa, ila yalisafishwa na kuchaguliwa ili yasitoe mvuke kwa urahisi. Ukitumbukiza kiberiti kinachowaka kwenye ndoo ya JP-7, kiberiti kinazima. Ilibidi yawe hivyo, maana kabla ya kufika injini yalipitishwa kwanza kupoza chumba cha rubani, vifaa vya umeme na mafuta ya haidroliki. Mafuta yalikuwa ndiyo friji ya ndege.

Lakini mafuta magumu kuwaka yana shida yake: utayawashaje kwenye injini? Kwa kemikali iitwayo triethilboreni, inayoshika moto yenyewe ikigusana na hewa. Kila injini ya J58 ilikuwa na kitangi cha mililita 600 tu. Kuwasha kulikwenda hivi: mkokoteni wenye injini mbili za Buick, V8, zenye ekzosi wazi zinazonguruma kama mashindano ya magari, unasogezwa chini ya ndege. Mtaimbo unaingizwa kwenye tumbo la injini na kuizungusha hadi mizunguko 3,200 hivi kwa dakika. Rubani anasogeza mkono wa gesi, kemikali inapulizwa, na kwa nyuma unatoka mwako wa kijani. Kijani kikionekana, mafundi wanajua imewaka. Kando ya mkono wa gesi palikuwa na kihesabio kilichoanzia 16 na kushuka kila kemikali ilipotumika, iwe kuwasha injini au kuwasha moto wa ziada wa nyuma. Rubani aliyekuwa na safari ndefu yenye kujaza mafuta mara kadhaa alikitazama kihesabio hicho kama mtu anavyotazama salio la simu.

Zilitengenezwa SR-71 32. Kumi na mbili zilipotea kwa ajali, hakuna hata moja iliyodunguliwa. Ile yenye namba 972 ilitua karibu na Washington tarehe 6 Machi 1990, ikitokea Los Angeles kwa dakika 64 na sekunde 20, na sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Udvar-Hazy, Virginia. Ukifika hapo, usiishie kupiga picha ya pua yake kama kila mtu. Tafuta pembe ya kuonea mgongo wa bawa, karibu na mwili, uone bati la migongo. Kisha inama utazame matairi: yana rangi ya fedha, kwa sababu mpira wake ulichanganywa na unga wa alumini ili kurudisha joto, yakajazwa nitrojeni, na baada ya kutua mara 20 hivi yalikuwa yamekwisha.