Orodha ndefu ya makala si cheti cha kutibu

Siku hizi hapa Mombasa, mgonjwa akiandikiwa kumwona bingwa wa mapafu au wa ini, jamaa mmoja hutoa simu akalipekua jina la daktari kwanza. Orodha ya makala za utafiti ikitokea ndefu, ukoo mzima unatulia. Ikitokea fupi, watu waanza kuchangishana nauli ya Nairobi. Mengi yanayosemwa kuhusu orodha hizo hayana mguu wa kusimamia.

Dhana: Makala nyingi, daktari hodari

Hesabu hiyo inachanganya vitu visivyolingana. Maelezo ya mgonjwa mmoja, kurasa mbili, ni makala moja. Jaribio la dawa lililoendeshwa miaka kadhaa katika hospitali chungu nzima, nalo ni makala moja.

Mwaka 1972 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la dawa za kifua kikuu lililofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Tiba ya kawaida ya huku kwetu wakati huo ilikuwa ya miezi 18. Jaribio lile lilionyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, miezi 6 yaweza kutosha. Dozi ya miezi 6 anayomeza leo mgonjwa wa Likoni au Changamwe ina asili yake hapo. Sasa mtafute mwandishi: palipo pa jina pameandikwa mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza. Daktari aliyeshinda wodini akikusanya makohozi, ukimhesabia makala kwa jina, hii humpati nayo.

Dhana: Anayeandika kuhusu mapafu na ini ni mshika mawili

Hii ndiyo inayonishangaza zaidi, kwa sababu viungo hivi viwili vinajuana sana. Dawa za kifua kikuu, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinatibu mapafu, lakini zote tatu zaweza kulidhuru ini. Ndiyo maana muuguzi wa kliniki ya TB humuuliza mgonjwa kama macho yamekuwa manjano, au mkojo umekoza kama strungi. Mtafiti wa kifua asiyejua ini atamtibu vipi huyo?

Kisha kuna upungufu wa alfa-1 antitripsini, maradhi ya kurithi yanayoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Protini hiyo hutengenezwa kwenye ini, ikasafiri na damu kwenda kuyalinda mapafu. Ikiumbika vibaya hukwama ndani ya ini na kulitia makovu, na huko mapafuni ulinzi unakosekana, hata asiyevuta sigara akaweza kuharibika mapafu. Laurell na Eriksson waliieleza hali hii Sweden mwaka 1963, baada ya kuona damu ya watu watano tu imekosa protini hiyo. Watatu kati yao walikuwa na mapafu yaliyoharibika. Watu watano! Kwa kipimo cha wanaopekua orodha kwenye simu, makala hiyo ingetupwa.

Dhana: Jina likiwa la mwisho kati ya waandishi, hakufanya kitu

Katika utafiti wa tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi nyingi, na wa mwisho ndiye mkuu wa timu. Wa katikati ndio wa kuulizia.

Dhana: Jina nililolipata ni lake

Pwani hapa tahadhari sana. Majina yetu ni la mtu, la baba na la babu, na majarida hulichukua la mwisho kama la ukoo, mengine yakafupisha herufi za mwanzo. Ali Mohamed Said anakuwa Said AM, na Saidi wenye herufi hizo wamejaa tele. Makala za watu watatu zinamwangukia mmoja. Au daktari yuleyule, mwaka huu ameandika majina mawili, mwaka ujao matatu, orodha yake ikakatika vipande viwili. Tangu 2012 kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti hujisajilia apate kutofautishwa. Akiwa nayo, tafuta kwa hiyo.

Dhana: Ikiwa PubMed, imethibitishwa

PubMed ni katalogi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Katalogi haimdhamini mwandishi. Makala ya Lancet ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji iliondolewa rasmi na jarida mwaka 2010, na bado utaikuta humo, ikiwa na tangazo la kuondolewa. Tangazo hilo lisome vizuri, maana si kila makala iliyoondolewa ni ya udanganyifu. Nyingine waandishi wenyewe waligundua kosa la hesabu wakaomba itolewe.

Na kama swali ni nani amtibu mzee, PubMed si pa kuanzia. Baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, lina sajili mtandaoni inayoonyesha daktari ana leseni au hana.